Goli la Upande wa Reli

Asubuhi ile ile Kinsella alipokabidhiwa mauaji ya Sligo, Sajini Gobnait Quilter alikabidhiwa majani. Kinsella alijiunga na polisi nyuma yake, mpaka leo haandiki ripoti bila kuchungulia ya jirani, na sasa alikuwa na maiti, alikuwa na wapiga picha, alikuwa na gari jipya la kituo. Gobnait alipewa gari la zamani na uwanja wa mpira wa Ballinreagh uliokauka. Wivu ulimkaa kooni kutoka kituoni hadi uwanjani Mill Lane, na hakuona sababu ya kuumeza.

Fergus Culhane, mwenyekiti wa Ballinreagh Rovers, alikuwa akimngoja getini. Alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti la klabu, ingawa tumbo lilikuwa halikubaliani naye.

"Umechukua muda, Sajini."

"Kwani majani yalikuwa yanakimbia?"

Fergus hakucheka. Alimpitisha mbele ya jukwaa jipya lililokuwa bado linanuka rangi, akasimama kwenye mstari wa pembeni na kunyoosha mkono.

Uwanja mzima ulikuwa wa manjano. Haikuwa manjano ya jua, maana Ballinreagh hapajawahi kuwa na jua la kiasi hicho. Ilikuwa rangi ya nyasi kavu wanazolazia ndama. Nguzo za magoli yote mawili zilikuwa zimepakwa rangi ya kijani, na aliyepaka hakuwa fundi, kwa sababu nusu ya rangi ilikuwa chini.

"Kijani," alisema Fergus. "Nani anavaa kijani?"

"Knockadarra."

"Basi kesi umeimaliza. Kawakamate, urudi tunywe chai."

"Rangi ilipakwa lini?"

"Jumamosi usiku. Jirani aliwasikia wakiruka ukuta, wamelewa, wanaimba. Ijumaa hii wakaguzi wa ligi wanakuja, Sajini. Unajua maana yake? Maisha yangu yote tumecheza na timu za vijijini, refa anabadilishia nguo ndani ya gari lake. Mwaka huu ligi imetuita. Tumejenga jukwaa, tumesimamisha taa, vyumba vina maji ya moto. Kilichobaki ni wao kuingia na kuukanyaga uwanja. Wakiukuta hivi, nafasi yetu inakwenda kwa klabu inayofuata. Na inayofuata ni Knockadarra, wenye uwanja uliolala ubavu kama ng'ombe." Alitema mate. "Nitakufa kwanza."

Gobnait aliinama akang'oa kishungi cha majani. Kilitoka chote, na mizizi yake, bila kubisha. Baba yake alikuwa na ng'ombe kule Kerry, na kabla hajafikisha umri wa kuruhusiwa alikuwa ameshabeba bomba la dawa mgongoni akiua magugu kando ya ua. Aliyajua majani ya aina hii. Hayakufa Jumamosi.

Alianza kutembea. Ukiangalia vizuri, manjano ile ilikuwa na mistari, myembamba, ya upana wa mkono unaopeperushwa kulia na kushoto. Mtu alikuwa ametembea na bomba mgongoni kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, akarudi, akatembea tena. Kazi ya subira. Alipofika goli la upande wa reli akasimama. Mbele ya nguzo, kuanzia mstari wa goli hadi ukomo wa eneo dogo la kipa, palikuwa na mstatili safi wa majani mabichi, ya kijani, yaliyonawiri kama hayana habari.

"Hapa vipi?" aliuliza.

"Dawa iliwaishia," alisema Fergus aliyekuwa akihema nyuma yake.

"Iliwaishia hapa, halafu ikarudi pale pembeni? Mistari inaendelea pande zote mbili. Huyu alifika hapa akainua mkono, akapita, akaushusha tena. Kuna nini hapa?"

"Goli."

"Ninaona ni goli."

"Nakueleza tu, kwa sababu kwenu Kerry mnacheza mpira wa Kigaeli, mnaushika kwa mikono. Hapa ndipo anaposimama kipa."

"Asante kwa somo. Na zaidi ya kipa?"

Fergus alifikiri kwa dhati. "Hakuna. Kama wangekuwa na adabu ya kubakiza mahali, wangebakiza duara la kati. Pale ndipo alipo Dinny Gilhooly." Aliyetajwa alikuwa mtunza uwanja wa Mill Lane tangu ujana wake hadi alipofariki majira ya kuchipua. "Padri alikuja. Timu ilijipanga na vitambaa vyeusi. Mjane wake, Attracta, aliyamwaga majivu yake kwa mkono wake mwenyewe katikati ya uwanja, watu wazima wanalia. Na hawa wamempitia juu na sumu. Hawana dini hawa."

Kwenye kibendera cha kona alikuwa amesimama mwanamume mrefu, mikono mifukoni, akiwatazama. Ni Donncha Reidy, aliyemrithi Dinny. Alikuwa na sura ya mfiwa ambaye wakati huo huo anashukiwa.

"Na yule?" aliuliza Gobnait.

"Yule kamati inakaa kumjadili leo jioni," alisema Fergus, akishusha sauti lakini si sana. "Hata kama ni Knockadarra, yeye alikuwa wapi? Dinny angelala golini na bunduki."

Gobnait alichukua majani na udongo katika mifuko, akapiga picha za mistari na za kile kipande cha kijani, kisha akaenda Knockadarra.

*

Pascal Brosnan, mwenyekiti wa Knockadarra Celtic, alikuwa na bucha. Alimpokea polisi bila kuweka kisu chini, akiendelea kukata mbavu za kondoo.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nimeamka asubuhi nikasema leo nitatembelewa. Rangi ni sisi."

"Nani katika ninyi?"

"Mpwa wangu na mwenzake, wamelewa. Nimeshamtwanga maneno mpaka mama yake akamwonea huruma. Watakuja kuzisugua zile nguzo wenyewe. Lakini dawa, hapana."

"Kwa nini nikuamini?"

Pascal alifuta mikono kwenye aproni. "Nikwambie ukweli, Sajini? Mimi Ballinreagh ninawaonea wivu tangu nilipokuwa na nywele. Mara tatu tumeomba ligi. Mara tatu wamekuja wale watu na viatu vyao safi, wakaweka mpira kwenye kona ya juu, wakauacha, ukateremka wenyewe mpaka kona ya chini. Wakaandika, wakaondoka. Wao Ballinreagh Mungu kawapa ardhi tambarare, hawakufanya kazi yoyote. Kila nikipita Mill Lane ninageuza uso upande wa mto."

"Unajisemea vibaya."

"Nasema vizuri. Ungekuwa mtu wa wivu ungenielewa."

Gobnait alimkumbuka Kinsella na lile gari jipya, lakini hilo lilikuwa lake.

"Sasa sikiliza kinachoniuma," Pascal aliendelea. "Ijumaa wakikosa, tunaingia sisi. Kijiji kizima kitaimba. Na mimi nitajua kwamba tuliingia kwa sababu majani yao yalikufa. Huo si ushindi. Mimi nilitaka niingie wao wakiwa wazima, wamesimama nje, wananitazama. Aliyeua uwanja ule kanipora hiyo raha."

Yalikuwa maneno mabaya, na kwa sababu hiyo aliyaamini. Alitoa kile kishungi cha majani mfukoni, akakiweka juu ya kioo cha kaunta.

"Dawa ya magugu, kwa baridi hii ya mwisho wa Septemba, inachukua hadi wiki mbili kulainisha mzizi namna hii. Vijana wako walipaka nguzo za uwanja ambao tayari ulikuwa unakufa. Gizani hawakuona."

"Basi tumepona."

"Bado. Nirudishe wiki mbili nyuma. Mill Lane kuna mazoezi ya watoto karibu kila siku, na mtu mwenye bomba mgongoni angeonekana. Ni siku gani hapakuwa na mtu?"

Pascal hakuhitaji kufikiri. "Jumapili ya fainali ya kaunti. Mpira wa Kigaeli. Siku hiyo hata sisi wa mpira wa miguu tunakuwa Wagaeli. Ungeweza kuiba benki yenyewe ukaibeba begani. Fergus alikuwepo, nilikaa nyuma yake makusudi nimzomee sikioni."

"Nani hakuwepo?"

"Wagonjwa," alisema Pascal, akirudi kwenye mbavu zake. "Na waliofiwa."

*

Donncha Reidy alikuwa kwenye banda la mashine, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nyuma yake kulikuwa na trekta dogo lenye mikono miwili ya kunyunyizia, iliyokunjwa.

"Hiyo ndiyo unayotumia?" Gobnait aliuliza.

"Ndiyo. Ikikunjua mikono inachukua upana mkubwa kuliko banda hili."

"Bomba la mgongoni unalo?"

"Sina. Lililokuwepo lilikuwa la Dinny, la shaba. Vitu vyake vilirudi kwake."

"Uligundua lini, Donncha?"

"Jumatatu. Leo. Pamoja na wenzangu."

"Mtunza uwanja agundue siku moja na Fergus, mwenye duka la samani?"

Donncha alitazama viatu vyake, akashusha sauti.

"Jumanne ya wiki iliyopita. Yalianza kuonekana kama yamechoka. Nilidhani ni mimi, nimezidisha mbolea. Nikamwagia maji, nikamwagia tena. Watoto nikawaambia uwanja unapumzishwa kwa ajili ya wakaguzi. Ukweli sikumwambia mtu."

"Kwa nini?"

"Ningemwambia nani? Unajua kufanya kazi ya marehemu inavyokuwa? Nikikata vizuri, watu wanasimama ukutani wanasema, angalia uwanja aliotuachia Dinny. Likifa jani moja, hilo ni la Donncha. Yule mzee alikuwa akimwaga mbegu kwa macho, bila kupima, na watu wanamsifu mpaka kesho. Mimi nimesomea kazi hii. Nilimwonea wivu akiwa hai na ninamwonea wivu akiwa majivu. Andika hivyo ukitaka."

"Siandiki. Jumapili ya fainali ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mwamuzi wa goli. Nimesimama na koti jeupe na bendera mbele ya kaunti nzima. Nilikataa bao na nikatukanwa mpaka bibi yangu aliyekufa. Uliza mtu yeyote."

Hilo lilikuwa rahisi kuthibitisha, kwa hiyo huenda lilikuwa kweli. Gobnait alivuta ndoo nyingine, akakaa mbele yake.

"Goli la upande wa reli," alisema. "Fergus anasema hapo hakuna kitu. Wewe unasemaje?"

"Fergus hajui. Hapo ndipo walipo."

"Kina nani?"

"Wote." Alikuna shingo. "Watu wa hapa wakifa, wanataka majivu yao yamwagwe duara la kati. Imekuwa desturi. Lakini majivu ya mtu yana chumvi, Sajini, yanaunguza majani. Ukiyaacha, baada ya mwezi una upara katikati ya uwanja. Dinny hakuwahi kumkatalia mfiwa. Anasimama nao, anavua kofia, anawaacha wamwage. Wakishaondoka anachukua ufagio na koleo la makaa, anawazoa taratibu, anawapeleka goli la reli. Pale kila kiangazi udongo unachimbwa na kupandwa upya, anawachanganya humo. Hawajui mpaka leo. Mwenyekiti aliyepita yupo pale. Mama yake Fergus yupo pale."

"Dinny alikufundisha hivyo?"

"Dinny hakunifundisha hata kufungua geti. Alipougua akaniachia funguo, akamwagwa mtu wa kwanza, nikamwacha palepale, duara likaota upara. Attracta ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza. Yeye anafua jezi za timu, anakuja na kutoka, funguo anazo."

"Na Dinny mwenyewe? Ulimhamisha wewe?"

"Sikuthubutu. Nilisema yule, hata akiunguza duara lote, na aliunguze. Lakini halikuungua. Asubuhi moja nilikuta pamefagiwa, pasafi kama sakafu ya jikoni. Nikasema ni mvua."

"Mvua haifagii, Donncha."

Alimtazama Gobnait, na polepole uso wake ukaonyesha kwamba ameelewa. "Hapana," alisema. "Sajini, hapana. Yule mama ananiletea mkate."

Gobnait alikuwa ameshainuka. Hesabu ilikuwa fupi. Mtu aliyeua uwanja alipita duara la kati bila kusita, kwa sababu alijua Dinny hayupo pale. Alinyanyua mkono goli la reli, kwa sababu alijua yupo pale. Wanaojua walikuwa wawili, na mmoja siku ile alikuwa amevaa koti jeupe mbele ya kaunti nzima.

Getini alikutana na Fergus mbio mbio, simu mkononi, uso mwekundu.

"Nimepata mkandarasi wa Longford," alisema. "Anakwangua uwanja wote leo, analeta majani yaliyokunjwa kama mazulia, anatandika Jumatano na Alhamisi. Ijumaa wakaguzi wanakanyaga kijani. Lakini lazima aanze mchana huu. Utaniruhusu, au bado ni ushahidi?"

Gobnait alikuwa anawaza bomba la shaba. "Nimeshachukua ninachohitaji," alisema. "Uwanja ni wenu."

*

Nyumba ya Attracta Gilhooly ilikuwa ya mwisho kabla ya daraja la reli. Jezi za rangi ya damu ya mzee zilikuwa zimeanikwa uani, zimepangwa kwa namba. Nyuma yake banda la Dinny lilikuwa wazi. Gobnait alisimama mlangoni kabla ya kubisha hodi. Reki, koleo, mashine ya kuchorea mistari, vyote vilikuwa vimevaa vumbi la miezi. Bomba la shaba lilining'inia katikati yake, limesuguliwa, linang'aa.

"Karibu ndani, mwanangu, kuna upepo," sauti ilisema nyuma yake. Attracta alikuwa mwanamke mdogo, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyefua maisha yake yote. "Chai ipo."

Alimkalisha jikoni, akammiminia, akamkatia mkate wa zabibu na kuupaka siagi nene.

"Unaweka maziwa?"

"Kidogo. Mama Attracta, fainali ya kaunti hukwenda?"

"Nikafanye nini? Mpira nimeushiba."

"Bomba lile limesafishwa vizuri."

"Dinny hakupenda vyombo vichafu."

"Dinny hayupo. Koleo lake lina utando wa buibui." Gobnait aliweka kikombe chini. Hakupenda alichotaka kufanya, lakini alikifanya. "Kamati inakaa jioni. Wanamfukuza Donncha."

Mikono ile mikubwa ilisimama juu ya kisu cha mkate.

"Donncha kafanya nini?"

"Hajafanya chochote. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Attracta alifuta kisu, upande huu na upande huu, akakirudisha kwenye droo. Kisha akakaa.

"Nilidhani watasema ni Knockadarra," alisema. "Wale watu husingiziwa kila kitu, wamezoea."

"Ulitaka nafasi iende kwao?"

"Nafasi waiweke wanapotaka. Umeolewa, mwanangu?"

"Niliwahi."

"Alikuwa na mwanamke?"

"Alikuwa naye."

"Una bahati," alisema Attracta, bila mzaha wowote. "Mwanamke ningejua pa kumshika. Ningemvuta nywele mbele ya kanisa, watu wangecheka, yangeisha. Uwanja ungeufanya nini? Siku ya harusi yetu baridi ilishuka, alitoka kwenye meza na suti yake kwenda kufunika majani ya magolini. Nimekata keki peke yangu. Mtoto wetu wa pekee alizaliwa akafa siku ya mechi ya kombe, akaja hospitali na matope magotini, ananiambia samahani, na mimi namwangalia magoti. Alikuwa mtu mwema. Hakunipiga, hakunywa. Alikuwa tu hayupo. Alipokuwa anakata roho nilimshika mkono, akafungua macho. Nikasema sasa ataniambia neno. Akaniuliza kama nimefunga geti."

Nje treni ilipita, vikombe vikalia kwenye visahani. Alingoja ipite.

"Kaburi letu lipo, kilimani. Jiwe lina majina yote mawili. Langu linaningoja na lake ni tupu, kwa sababu aliomba aungane na wale wa uwanjani. Sawa. Nikammwaga mbele ya watu, kisha nikaenda na ufagio nikamhamisha, kwa sababu huyu kijana angemwacha aunguze majani, na yeye asingejisamehe. Umeona? Hata nikiwa mjane nauhudumia uwanja. Nikajisemea angalau pale ni pa kimya, nitakuja na kiti jioni nikae naye. Halafu ikaja ligi. Taa. Mashabiki kutoka Cork. Kila Ijumaa watu na daluga zao juu yake, na watu wanaushangilia ule uwanja, na gazeti limeupiga picha kama bibi harusi." Sauti ilitetemeka kwa mara ya kwanza, na ilikuwa hasira. "Mimi hakuna aliyewahi kunipiga picha na Dinny. Nilitaka ufe. Nilitaka wamwache, tubaki wawili tu."

"Ukabakiza pale alipo."

"Ningemwagiaje mume wangu sumu?" Alionekana kushangaa kuulizwa.

Gobnait alimweleza kwamba atapaswa kwenda naye kituoni, kwamba atahojiwa rasmi, kwamba anaweza kuwa na wakili. Attracta alikuwa akiitikia kwa kichwa, akikunja kitambaa cha meza.

"Na uwanja?" aliuliza. "Ijumaa watawakatalia?"

"Huenda wasikatae. Wamepata mtu. Anakwangua udongo wa juu wote, anaweka majani mapya."

"Wote?"

Hapo ndipo Gobnait aliposikia alichosema. Alikuwa amekaa na neno hilo tangu getini na hakuliangalia. Alijilaumu pale pale, waziwazi, kuliko alivyowahi kumlaumu Kinsella.

"Udongo huo wanaupeleka wapi?" aliuliza Attracta.

"Jalalani. Nje ya mji."

Attracta alisimama haraka mno kwa umri wake. "Mpigie Fergus. Mpigie sasa hivi. Mwambie goli la reli wasiliguse. Mwambie ni mimi, mwambie nimekiri, waniweke gazetini, lakini pale wasipaguse. Mwambie mama yake yupo pale. Dinny hajawahi kulala nje ya mji huu isipokuwa timu ikicheza mbali. Nitazisugua nguzo. Nitaupanda upya uwanja wao kwa mikono, kila jani. Wamwache alale nao. Mpigie."

Gobnait alipiga. Simu iliita muda mrefu, kisha ikajaa ngurumo ya mashine, na ndani ya ngurumo sauti ya Fergus ikipiga kelele kwa furaha.

"Sajini! Ungekuja uone. Jamaa ni moto wa kuotea mbali!"

"Fergus, simamisha. Goli la upande wa reli—"

"Lipi? Hilo ndilo walianza nalo, lori linaingilia huko. Lori la kwanza limeshakwenda jalalani, sasa wapo katikati. Unasemaje? Sikusikii."

Alikata simu. Attracta alikuwa ameshavaa koti na kofia, ameshika mkoba kwa mikono miwili, akimsoma usoni. Gobnait alifungua mdomo kumwambia, lakini hapakuwa na haja tena.

Attracta alizima jiko. Alihakikisha dirisha limefungwa. Alipofika mlangoni alisimama akasikiliza, na kutoka ng'ambo ya reli mashine ilisikika vizuri kabisa.

"Basi tumemkosa sote wawili," alisema. "Mimi na yeye," akaonyesha kwa kidevu uwanja wa Mill Lane, akatoka mbele kwenda kwenye gari.